Kuumika, Hijama na Flebotomia: Maana na Asili ya Maneno ya Utoaji Damu

1. Utangulizi

Mtu aliyepewa kazi ya kufasiri kitabu cha uuguzi kwa Kiswahili hafiki mbali kabla ya kukutana na neno flebotomia. Maana yake katika kamusi za tiba ni fupi: utoaji wa damu kutoka katika mshipa wa mtu. Lakini mfasiri akitafuta neno la Kiswahili la kuliweka mahali pake, hujikuta katika njia panda. Akiandika kuumika, wazee wa pwani watafikiri juu ya pembe, nta na wembe. Akiandika kumtoa mtu damu, msomaji aweza kufikiri juu ya ugomvi. Akiandika hijama, ameingia katika tiba nyingine yenye taratibu zake. Na akiliacha neno la kigeni kama lilivyo, ataeleweka na wale tu ambao hawakuhitaji tafsiri.

Makala haya yanachunguza maana na asili ya maneno hayo, na hasa umbo la kitenzi umika, ambacho ni cha kale kuliko yote katika Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba kila lugha iliyolipa tendo hili jina ilichagua sehemu moja ya tendo na kuiacha mingine. Wagiriki walitazama mkato, Waarabu walitazama ufyonzaji, na wasemaji wa lugha za Kibantu walitazama kuuma. Kwa sababu hiyo majina hayo hayawezi kubadilishana nafasi bila kuharibu maana. Kiswahili hakikosi maneno ya utoaji damu. Kilichokosekana ni kuyapambanua na kulipa kila moja kazi yake.

2. Flebotomia: jina lililotazama mshipa

Neno hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: phleps, yaani mshipa wa damu, na tome, yaani mkato. Maana yake ya asili, basi, ni ukataji wa mshipa. Liliingia katika Kilatini kama phlebotomia, likapitia Kifaransa cha kale, kisha likafika katika Kiingereza. Kilatini kilikuwa pia na njia yake ya kusema jambo hilo hilo kwa maneno ya nyumbani, vena na sectio, mshipa na mkato. Wajerumani husema Aderlass, ambalo maana yake ni kuuachilia mshipa. Ingawa maneno haya yanatofautiana kwa sauti, yote yametazama mahali pamoja: mshipa ulio chini ya ngozi, unaofunguliwa ili damu itoke.

Haikuwa kwa bahati tu kwamba mshipa ndio uliotazamwa. Katika mafundisho ya tiba yaliyohusishwa na Hippocrates na kuendelezwa na Galen, mwili ulidhaniwa kuwa na maji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ugonjwa ulikuwa ni kuvurugika kwa mizani ya maji hayo, na kufungua mshipa kulikuwa njia ya kupunguza lililozidi. Mafundisho hayo yaliufikia ulimwengu wa Kiarabu, na mabaki yake yamo katika Kiswahili hadi leo. Neno balghamu limebaki na maana yake. Neno safura, ambalo katika Kiarabu lilikuwa jina la nyongo ya manjano, limehamia kwenye ugonjwa unaomfanya mtu apauke kwa upungufu wa damu.

Jambo linalompasa mfasiri kulikumbuka ni kwamba neno flebotomia limebadilika maana bila kubadilika umbo. Kwa karne nyingi lilitaja tiba: damu ilitolewa ili mgonjwa apone, na damu yenyewe ikamwagwa. Tiba hiyo ilitumika kupita kiasi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alitolewa damu nyingi mara kadhaa katika muda wa saa chache kabla ya kufa kwake tarehe 14 Desemba 1799. Katika mwaka 1835 daktari Pierre Louis wa Paris alitoa kitabu ambamo aliwahesabu wagonjwa na kulinganisha hali zao, akaonyesha kwamba katika kichomi utoaji damu haukuwa na faida iliyodaiwa. Baada ya hapo tiba hiyo ilirudi nyuma polepole. Leo imebaki kwa magonjwa machache, kama vile yale ya kuzidi kwa madini ya chuma mwilini au kuzidi kwa chembe nyekundu za damu.

Neno, hata hivyo, halikufa pamoja na tiba. Lilihamia maabara. Katika hospitali za sasa flebotomia aghalabu hutaja utoaji wa damu kidogo kwa sindano, mililita chache tu, ili ikapimwe, au utoaji wa damu ya kumsaidia mgonjwa mwingine, ambao kwa kawaida ni kiasi cha mililita 450. Mshipa haukatwi tena, hudungwa. Kwa hiyo hata katika lugha zilizolizaa, neno hili halilingani tena na tendo linalolitaja. Mfasiri anayejaribu kufuata maana ya sehemu zake na kuandika ukataji wa mshipa atakuwa amefasiri historia ya neno, wala si neno lenyewe.

Zaidi ya hayo, neno mshipa katika Kiswahili ni pana mno. Katika matumizi ya kawaida hutaja mishipa irudishayo damu moyoni, mishipa iitoayo damu moyoni, mishipa ya fahamu, na hata maradhi ya ngiri. Mgonjwa anayeambiwa kwamba mshipa wake utakatwa ana haki ya kuuliza ni upi, na ana haki ya kuogopa.

3. Hijama na fasd: mkono wa Kiarabu

Kiarabu kilitenga matendo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni fasd, kufungua mshipa kwa chombo chenye makali. Hili ndilo linalolingana na flebotomia ya Wagiriki. La pili ni hijama, ambalo halihusu mshipa bali ngozi. Chombo huwekwa juu ya ngozi, hewa iliyomo huondolewa, ngozi huvutwa juu, na baada ya kuchanjwa mikato midogo damu hufyonzwa. Mzizi wa neno hijama hutumika katika Kiarabu pia kwa mtoto anyonyaye ziwa la mama yake. Maana ya msingi, basi, ni kufyonza. Tabibu al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mnamo mwaka 1013, alieleza matendo yote mawili na zana zake katika kitabu chake kikubwa cha tiba, na hakuyachanganya.

Lugha nyingine za Ulaya, zilipofika kwenye tendo hili la pili, zilitazama chombo. Wagiriki waliliita chombo hicho sikya, na Warumi wakakiita cucurbita, majina ambayo yote mawili ni ya matunda ya jamii ya mung'unye na kibuyu, kwa sababu kibuyu kidogo chenye mdomo kilifaa kwa kazi hiyo. Waingereza walichukua jina la kikombe na kulifanya kitenzi. Wafaransa husema ventouse, neno lenye asili ya upepo, kwa kuwa ni hewa inayofanya kazi.

Kiswahili kimelipokea neno hijama pamoja na mafunzo ya Kiislamu yanayoitaja tiba hiyo, na katika miaka ya karibuni limepata nguvu mpya. Katika miji kama Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hijama hufanywa kwa vikombe vya plastiki na kibomba cha kuvutia hewa, na neno lenyewe limeandikwa kwenye mabango. Ni neno zuri na lina maana moja. Lakini wasemaji wengi wanaolitumia hawajui kwamba kwa tendo hilo hilo Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake.

4. Umika: umbo na asili

Kuumika ni kumtoa mtu damu kwa pembe. Mwumishi huchukua pembe ya ng'ombe au ya mbuzi iliyokatwa upande wa ncha na kuachiwa tundu dogo. Huiweka sehemu pana juu ya ngozi iliyosafishwa, hufyonza hewa kwa mdomo kupitia tunduni, kisha huliziba tundu kwa nta aliyokuwa nayo mdomoni. Ngozi huvimba ndani ya pembe. Pembe huondolewa, mahali palipovimba huchanjwa kwa wembe, kisha pembe hurudishwa na kufyonzwa tena, na damu hukusanyika ndani yake.

Jina la mtendaji, mwumishi, halina ajabu katika sarufi. Limeundwa kwa kanuni ile ile inayotoa mwandishi kutokana na andika na mpishi kutokana na pika, ambapo k ya mwisho wa shina hugeuka kuwa sh mbele ya i. Linalohitaji maelezo ni kitenzi chenyewe.

Kwa mtazamo wa kwanza umika linaweza kudhaniwa kuwa kauli ya kutendeka ya uma, kama vunjika linavyotokana na vunja. Dhana hiyo haiwezi kusimama. Kitenzi cha kutendeka hakipokei shamirisho wala hakiingii katika kauli ya kutendwa. Hatusemi kikombe kilivunjikwa. Umika, kinyume chake, hupokea shamirisho na huingia katika kutendwa bila taabu: mwumishi alimwumika mgonjwa, mgonjwa akaumikwa. Kiambishi -ik- kilichomo hapa ni kile kingine, cha kale, ambacho huonyesha kukiweka kitu mahali au katika hali fulani. Ndicho kilichomo katika tundika, pachika, bandika, simika na funika. Umika, kwa hiyo, ni kukiweka kitu ili kiume. Pembe huwekwa mwilini kama mdomo, na kuachwa iume.

Dhana ya pili ni kwamba umika lahusiana na umuka na umua, maneno ya unga uliotiwa hamira ukavimba. Ngozi iliyoumikwa huvimba kweli, na dhana hii yavutia zaidi kwa kuwa Kiswahili kina jozi kama funika na funua, anika na anua, ambamo -ik- huweka na -u- huondoa. Lakini jozi hizo zina sharti moja: neno la pili hulitangua la kwanza. Aliyefunika akifunua, amerudisha hali ya mwanzo. Kuumua unga si kukitangua kilichoumikwa, wala si kuiondoa pembe mwilini. Mfanano wa sauti uliopo hapa hautoshi kuwa ushahidi wa undugu.

Ushahidi wa undugu na uma hupatikana pande mbili. Upande wa kwanza ni lugha nyingine za Kibantu. Katika Kiganda, kuuma ni luma na kuumika ni lumika. Katika Kinyarwanda ni ruma na rumika. Katika Kishona, mbali huko kusini, ni ruma na rumika vilevile. Kizulu kina luma na lumeka. Lugha hizi zimetengana kwa maelfu ya kilomita na kwa muda mrefu sana, na kila moja imehifadhi jozi nzima, kitenzi cha kuuma na kitenzi cha kuumika kilichozaliwa nacho. Wanaisimu walinganishi wa Kibantu, tangu siku za Malcolm Guthrie, ambaye juzuu nne za kazi yake kubwa zilitolewa kati ya mwaka 1967 na 1971, hulipa jambo kama hili uzito: neno lililoenea hivyo, kwa umbo linalofuata kanuni za sauti za kila lugha, haliwezi kuwa limeokotwa njiani na kila jamii peke yake.

Upande wa pili wa ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Ukilinganisha umika na lumika au rumika, utaona kwamba Kiswahili kimepoteza konsonanti ya mwanzo. Kupotea huko ni kwa kawaida. Waganda husema loota na Wanyarwanda husema rota, na Waswahili husema ota. Lakini konsonanti iliyopotea katikati ya irabu ilisalimika pale ilipotanguliwa na n, na hapo hujitokeza kama d. Ndiyo maana ndoto hutokana na ota, na ndoa hutokana na oa. Kwa kanuni hiyo hiyo, pembe ya kuumikia huitwa ndumiko. Anayetazama umika peke yake haioni sauti iliyopotea. Anayeliweka ndumiko kando yake huiona mara moja. Uhusiano wa umika na ndumiko ni ule ule wa ota na ndoto, na hakuna haja ya kutoka nje ya Kiswahili ili kuuthibitisha.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Kitenzi umika ni cha asili ya Kibantu, nacho ni cha kale. Lakini jina la kile kinachotolewa, damu, limetoka katika Kiarabu. Katika sentensi fupi kama mwumishi atoa damu, urithi na mkopo vimekaa bega kwa bega, na msemaji hahisi mpaka baina yao.

Mswahili asikiaye umika husikia pia ndugu zake wengine: umia, umiza, maumivu. Maumivu yamo katika jina. Ugiriki ilikitaja kilichokatwa na Uarabuni ilikitaja kinachofyonzwa, lakini jina la Kibantu linasema kile ambacho mgonjwa anakihisi. Pengine ndiyo sababu neno hili halikuwahi kuhitaji ufafanuzi kwa wale waliokuwa wakiumikwa.

5. Chuku: kutoka pembeni hadi fasihini

Pembe ya kuumikia ina jina jingine ambalo wahadhiri wa fasihi hulitamka kila mwaka darasani: chuku. Kupiga chuku ni kuumika. Kupiga chuku ni pia kutia chumvi katika maneno, kusimulia jambo likapita kimo chake. Na kutoka hapo chuku limekuwa istilahi ya tamathali ya usemi, sambamba na mubalagha yenye asili ya Kiarabu.

Uhusiano wa maana hizo mbili huonekana kwa yeyote aliyewahi kuitazama kazi ya mwumishi. Pembe hulichukua eneo dogo la ngozi lililo tambarare na kulifanya tuta. Hakuna kilichoongezwa: ni ngozi ile ile na damu ile ile, imevutwa tu. Mpiga chuku wa maneno naye hulitwaa tukio lililokuwepo, akalivuta likavimba. Mwanafunzi anayekariri kwamba chuku ni kukuza jambo kupita kiasi angefahamu zaidi kama angeelezwa kwamba istilahi yake ilikuwa kwanza chombo cha mganga. Istilahi ya fasihi ambayo ina mwili ndani yake hukumbukwa upesi kuliko ile iliyotolewa kitabuni tu.

Kuhama huku kwa chuku kumekuwa na gharama. Kwa kizazi cha mijini maana ya pili imeifunika ya kwanza, na leo mtu akisema kwamba baba yake alipigwa chuku, wasikilizaji wengi watadhani alidanganywa. Kwa hiyo, ingawa chuku ni jina sahihi la pembe, kitenzi kinachofaa kubaki katika lugha ya tiba ni umika.

6. Chanja: neno lililovuka

Si kila neno la utoaji damu lililobaki nyuma. Chanja ni kupasua kuni, na pia ni kutia mikato midogo mwilini, yaani chale. Mganga alichanja ili dawa iingie au damu itoke; marafiki walichanjiana ili wawe ndugu wa damu. Tiba mpya ilipokuja na kinga ya ndui, ambayo ilitiwa kwa kuikwaruza ngozi, watu waliona mkato mdogo na dawa iliyotiwa ndani yake. Kitendo kilifanana na walichokijua, na neno likapatikana papo hapo. Chanja likawa kitenzi cha kukinga, na chanjo likawa jina lake. Sindano ilipochukua nafasi ya kukwaruza, na hata baadaye chanjo nyingine zilipokuwa matone ya mdomoni, neno liliendelea kutumika.

Mfano huu una somo. Neno la zamani laweza kuingia katika tiba ya kisasa likiwa na sababu mbili pamoja: kitendo kipya kifanane na cha kale machoni pa watu, na kusudi lake liwe ni lile lile, yaani kuulinda au kuuponya mwili wa anayetendewa. Chanja lilikuwa na sababu zote mbili. Umika, likipelekwa maabara, halina hata moja. Sindano haifanani na pembe, na damu ya vipimo haitolewi ili kutolewa kwake kumponye mgonjwa.

7. Kutoa damu: kauli ya kitenzi na hofu ya watu

Katika mazungumzo ya kila siku, kazi yote hii imeachiwa kitenzi toa. Ni hapa ambapo ukosefu wa upambanuzi huleta madhara. Tazama sentensi hizi: kidonda kinatoa damu, alimpiga akamtoa damu, amekwenda kutoa damu, ametolewa damu hospitalini. Ya kwanza ni jeraha, ya pili ni shambulio, ya tatu ni ukarimu, ya nne ni uchunguzi au tiba. Maneno ni yale yale, na kinachobadilika ni nani mtenda, nani mtendwa, na damu yaenda wapi. Muuguzi anayeandika katika taarifa yake kwamba alimtoa mgonjwa damu ametumia muundo ule ule unaotumika kwa mtu aliyempiga mwenzake.

Vitenzi vingine vinavyoweza kufikiriwa vina taabu zao. Nyonya na fyonza vingekuwa tafsiri halali ya hijama, lakini nyonya limebeba mzigo wa siasa: mnyonyaji ni mtu anayeishi kwa jasho la wengine, na msamiati huo ulienezwa sana Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Gema ni kukata na kukinga kinachotoka, na kwa maana hiyo linakaribia flebotomia kuliko neno jingine lolote, lakini ni la mnazi na tembo. Hakuna mgonjwa atakayekubali kugemwa. Pima damu ndilo litumiwalo zaidi na wagonjwa wenyewe, nalo lina heshima, lakini hutaja kusudi badala ya tendo; na tangu kuenea kwa UKIMWI kupima, bila ya neno jingine, kumeelekea kumaanisha kipimo kimoja tu.

Kwamba jambo hili si la wanaisimu peke yao huonekana katika historia ya neno mumiani. Asili yake ni Kiajemi, na lilitaja dawa nyeusi mfano wa ulimbo iliyoletwa kwa biashara. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja dawa hiyo na inaeleza kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda, iliyochukuliwa kwa watu waliouawa kwa ajili hiyo. Baadaye jina likahama kutoka kwa dawa hadi kwa mtu, na mumiani akawa ndiye anayewakamata watu usiku na kuwatoa damu. Huko Nairobi na Uganda wakati wa ukoloni uvumi huo uliwahusu wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na hakuuchukulia kama ujinga bali kama namna ya watu kusema juu ya serikali iliyochukua bila kueleza.

Hapo ndipo uzito wa istilahi ulipo. Damu iliyomwagwa na mwumishi ilimwagwa mbele ya macho ya mgonjwa na jamaa zake. Kila mtu aliona ilikokwenda. Damu ya maabara hutiwa katika kichupa, hufunikwa, huandikwa namba, na kupelekwa chumba kingine. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba damu yake itachukuliwa, lugha imemwacha na swali ambalo mumiani alilijibu kwa miaka mingi: yapelekwa wapi? Istilahi inayotaja tendo bila kutaja kusudi ni istilahi pungufu, hata kama ni fupi na nadhifu.

Kiswahili chenyewe kimeshaonyesha njia katika uwanja mmoja. Kwa damu inayotolewa kwa hiari ili kumwokoa mwingine, neno lililoenea, hasa nchini Tanzania, ni kuchangia damu. Changia limetokana na changa, kitenzi cha watu wanaokusanya mali kwa ajili ya jambo la wote, na lina kiambishi cha kutendea kinachoonyesha kwamba kuna mtu au jambo linalokusudiwa. Mchangiaji ni mtenda, si mtendwa. Kusudi limo ndani ya kitenzi. Hakuna kamusi ya kigeni iliyoamuru neno hilo, na hakuna Mswahili aliyehitaji kufafanuliwa.

8. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, ni dhahiri kwamba kutafuta neno moja la Kiswahili la kufasiri flebotomia ni kutafuta kisichohitajika. Neno hilo lenyewe limebeba matendo kadhaa, na Kiswahili kinaweza kuyataja moja moja kwa usahihi zaidi.

Kuumika libakie kwa utoaji wa damu kwa pembe au kikombe, pamoja na mwumishi na ndumiko. Hijama litumike kwa tendo hilo linapofanywa kwa taratibu za tiba ya Kiislamu. Maneno haya mawili yanaweza kuishi pamoja kama chuku na mubalagha zinavyoishi katika fasihi. Kupunguza damu latosha kwa tiba ya magonjwa yale machache ambayo damu huzidi au hubeba madini kupita kiasi, kwa maana kitenzi punguza hutaja kusudi na hakitaji mkato. Kuchangia damu limekwisha kujithibitisha. Na kwa kazi ya kila siku ya maabara, kutoa damu ya vipimo ni afadhali kuliko kutoa damu peke yake, kwa sababu ya neno hilo la mwisho; muuguzi anayemwambia mgonjwa, natoa damu kidogo ya vipimo, ameshalijibu swali kabla halijaulizwa.

Flebotomia yenyewe inaweza kubaki katika vitabu vya wataalamu kama jina la fani, pale ambapo msomaji anajua kwamba mkato uliomo katika jina haumo tena katika kazi. Lakini wanaotunga istilahi za tiba wasisahau kwamba mtumiaji wa mwisho wa istilahi hizo ni mtu aliyekaa kitini, mkono wake umenyooshwa na shati limekunjwa. Mtu huyo ndiye anayepaswa kulielewa neno kabla ya sindano.